Sijambo, Daktari

Jikoni kwetu, Dakota ya Kaskazini,
meza ina miguu mitatu na tofali.
Juu yake faili la mume wangu, Orrin Lindahl:
limenenepa kuliko yeye.

Serikali imempima. Barua inasema hivi:
mgongo, asilimia hamsini;
usingizi usiokuja, thelathini;
sikio la kushoto, kumi.
Mimi nimeuza vipuri vya trekta miaka sita.
Dukani, hamsini na thelathini na kumi ni tisini.
Kwao ni sabini.
Bi Pruitt alinieleza kwa simu, bila ukali,
kwamba kila jeraha hukatwa kwenye uzima uliosalia,
si kwenye mtu mzima,
na kwamba bima ya mke na mtoto
huanza pale mume anapofika mia,
tena mia ya kudumu.

Basi ipo asilimia thelathini ya Orrin iliyo nzima.
Nimeitafuta.
Nimeitafuta asubuhi nikimvisha soksi,
nimeitafuta saa tisa usiku, yeye kibandani ndani ya gari,
injini imezimwa, mikono kwenye usukani,
akiingoja barabara iliyolipuka kabla hatujajuana.
Kama mnajua ilipo, niandikieni.
Anwani mnayo. Mnayo mara tano.

Walitaka cheti cha ndoa. Tukapeleka.
Wakataka cheti cha ndoa.
Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji;
huyu wetu ameulizwa
tarehe aliyoanza kuuhitaji
na jina la shahidi.

Sasa niseme tulipojikwaa.
Tuliendesha maili mia na kumi, theluji ikivuka lami kama unga,
kwenda kwa daktari wa kumpima upya.
Kijana, mpole, koti lina doa la kahawa.
Akauliza, "Hujambo, Bwana Lindahl?"
Na Orrin, aliyefundishwa na mama yake
kwamba mgeni hapokewi kwa vilio,
Orrin aliyepanda zile ngazi kwa kushika ukuta,
akajinyoosha, akatabasamu,
akasema, "Sijambo, daktari."

Kalamu ikaandika. Niliiona.
Hana jambo.

Sikumgombeza. Njiani tulinunua petroli na chipsi.
Yeye akala, mimi nikahesabu.
Kipulizio cha Maren cha pumu kina kidirisha cha namba:
kila akivuta, moja inapungua.
Ana miaka tisa na tayari anajinyima,
anangoja kifua kipige filimbi ndipo avute,
kwa kuwa alitusikia, kupitia ukuta, tukitaja bei.

Rufaa itasikilizwa tarehe kumi na tisa Machi.
Usiku tunafanya mazoezi. Mimi ndiye daktari,
nimevaa miwani ya marehemu baba yangu.
"Hujambo, Bwana Lindahl?"
"Sij..."
"Tena. Hujambo?"
Anatazama tofali.
Mtu huyu aliwabeba wenzake wawili, mgongo huu huu,
na maneno mawili hayanyanyuki.
"Hujambo?"
Friji inanguruma. Jirani anaparuza theluji kwa sepetu.
Maren ametokea mlangoni na nguo za kulalia,
akaja, akamshika baba yake kidole gumba.
"Sema tu, baba. Mimi sitasikia."
Akaziba masikio kwa viganja.

Na Orrin, taratibu,
kama mtu anayevua kiatu kwenye mguu uliovimba:
"Nina jambo."
"Jambo gani?"
"Nina jambo," akarudia,
na kuendelea hakuendelea.

Nikavua miwani.
Maren bado kaziba masikio, macho kayafumba,
midomo yake inahesabu kitu.
Kipulizio kiko dirishani, karibu na sabuni.
Kinasema thelathini na moja.